Skrini ya Mia Mbili na Arobaini

Nimefundisha watu kuendesha gari kwa miaka ishirini na minane. Wanafunzi waliniita Mama Klachi, mwanzo kwa kunisengenya, baadaye mbele ya uso wangu. Mwaka jana mkuu wa chuo chetu cha udereva alinitoa barabarani. Alisema siku hizi nachelewa kushtuka, akanipa dawati na kazi ya kuandikisha wanafunzi wapya. Aliyasema hayo kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi. Mtu akikutukana unamjibu. Akikuhurumia utamfanya nini?

Kilichonishikilia ni mashindano yangu na mwanangu, kitinda mimba. Anafanya kazi mji mwingine, lakini kila Jumamosi alasiri tunakutana kwenye mchezo wa mbio za magari, kila mtu na kompyuta yake, usukani mezani, pedali miguuni na hedifoni masikioni. Zamani akinishinda mara tatu, mimi namshinda mara moja. Tangu niwekwe dawatini mambo yakageuka, nikawa namshinda karibu kila wiki. Kijana wa miaka ishirini na sita! Nikavimba kichwa. Nilimwendea mkuu wa chuo nikadai nipimwe upya, akakubali. Jumatatu saa mbili asubuhi ningefanya mtihani, na nikifaulu ningerudi barabarani.

Ili nijinoe, nilinunua skrini ya hezi mia mbili na arobaini. Ya zamani ilibadilisha picha mara sitini kwa sekunde, na hii ingebadilisha mara mia mbili na arobaini. Niliifunga mwenyewe, nikaendesha mzunguko mmoja, nikampigia simu dada yangu kumwambia nimeondolewa ukungu machoni. Wiki tatu nzima nilimtambia kila aliyetaka kunisikiliza, na wengi ambao hawakutaka.

Ijumaa, siku tatu kabla ya mtihani, fundi wa kompyuta wa mtaani kwetu, tunayemwita Waya, alikuja kusafisha feni. Akafungua mipangilio ya skrini, akaanza kucheka.

"Mama Klachi, hii inafanya kazi kwa sitini."

"Sitini ipi?"

"Sitini ile ile ya zamani. Hukuibadilisha. Tena umechomeka kebo yako ya zamani, na kebo hii haifiki huko. Wiki tatu umeendesha na ukungu wako ule ule."

"Mbona mimi niliona tofauti?"

"Uliona bei," akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke. Waya alichomeka kebo iliyokuwa bado imefungwa ndani ya boksi, akachagua mia mbili na arobaini, akaniambia nijaribu. Hapo sasa hakukuwa na haja ya kujidanganya. Gari lilipokata kona, ukingo wa barabara haukuvurugika, na kila jiwe lilipita likiwa jiwe. Lakini rangi zilipauka kidogo kuliko za skrini ya zamani, na kompyuta ilihema kwa kazi ya kutoa picha zote hizo. Ilibidi Waya azime vivuli na kupunguza majani, miti ikabaki kama imekatwa kwa mkasi na mtoto.

"Uzuri au wepesi, mama. Kwa mashine hii vyote viwili huvipati," alisema akikusanya vifaa vyake. "Na ujue, skrini inakuonyesha mapema tu. Mguu ni wako."

Nilimwona anajitia ujuaji, nikamsindikiza mlangoni.

Jumamosi tukaanza. Mwanangu alikuwa mbele yangu kidogo kwenye kipande kilichonyooka kabla ya kona ya mwisho, pale ambapo hakuna mtu mwenye akili anayegusa breki. Taa zake nyekundu za nyuma zikawaka, zikazimika. Kufumba na kufumbua; kwenye ukungu wa zamani zingenipita. Nikampita, nikashinda.

"Hongera, Mama! Leo umeniweza."

Mbio za pili sikutazama kona wala saa, nilitazama taa zake tu. Pale pale, zikawaka tena.

"Mwanangu, breki umegusa ya nini?"

"Breki gani?"

"Usijifanye hamnazo. Kusoma taa za magari ya watu ndiyo kazi iliyokulisha."

Nikasikia kiti chake kikilia.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu wakutoe barabarani. Ulikuwa huli, hucheki. Siku moja niliteleza kweli, ukashinda, ukacheka. Nikaona basi, kuna ubaya gani?"

Angekuwa karibu ningemvuta sikio, na ukubwa wake ule.

"Na Jumatatu je? Nimedai mtihani kwa ushindi wa kugawiwa!"

"Kila wiki nilitaka kukwambia, nikashindwa. Lakini Mama, uliponifundisha mimi, ulikanyaga breki ya upande wako mara ngapi, ukaniacha nidhani nimekanyaga mwenyewe?"

Uso ukanishuka. Gari la kufundishia lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu. Ya mwalimu nilikuwa naigusa taratibu ili nisimvunje mtu moyo, na yeye nilimfanyia hivyo miezi miwili.

"Nilikugusia breki," nikasema. "Lakini sikukupeleka kwenye mtihani kabla sijakwambia ukweli."

"Hapo nimekosea, Mama. Nisamehe."

Nikamwambia tuendeshe tena, na asinihurumie. Tulikimbia mara kumi, akanishinda zote kumi, na hata pale nilipomkaribia zaidi aliniacha kwa sekunde nne. Skrini haikunificha kitu. Niliona kila kona ikija, niliona gari lake likianza kugeuka, na kila mara mguu wangu ulifika nyuma ya macho yangu. Nilizima maikrofoni nikalia kidogo. Kisha nikampigia simu mkuu wa chuo.

"Mkuu, mtihani wa Jumatatu uufute."

"Kwa nini? Nani amekukatisha tamaa?"

"Hakuna. Mtoto wa mtu akiwa kwenye usukani, ile breki ya pili inataka mguu mwepesi kuliko wangu. Nipe darasa la alama za barabarani nifundishe."

Akasema darasa hilo lina wanafunzi kumi na wanne na mwalimu wake anaondoka mwisho wa mwezi. Nikamwambia nitalichukua.

Niliporudisha hedifoni masikioni, mwanangu alikuwa bado ananisubiri.

"Mama, uko sawa?"

"Siko sawa, lakini nipo. Anza."

Akanishinda kwa sekunde sita, akapiga ukelele wa furaha mpaka nikapunguza sauti. Nikakaa na mikono juu ya usukani. Mwaka mzima sikuwa nimemsikia mwanangu akishangilia.