Nyongeza ya Mjomba Armand

Pampu yetu ilikuwa na tabia za mtoto aliyedekezwa: ukiipa kazi nzito inatulia, ukiipa nyepesi inagombana na nyumba nzima. Siku ya jaribio la kwanza tuliipandisha hadi mwisho wa uwezo wake, ikanguruma vizuri, na mjomba Armand akatabasamu. Tukaishusha hadi theluthi. Sakafu ikaanza kutetemeka, na kikombe changu cha kahawa kikatembea chenyewe mezani mpaka kikaanguka.

"Zima! Zima jamani!" nikapiga kelele.

Mambo yamebadilika siku hizi. Mchana jua likiwaka, paneli za kusini zinamwaga umeme nchi nzima, na mtambo wa nyuklia unaambiwa ushuke. Jioni watu wakirudi nyumbani na kuwasha majiko, unaambiwa upande tena, na upesi. Pampu inayoupelekea maji yageuke mvuke lazima ipande na kushuka nao, na yetu ilikuwa kubwa mno. Maji yakiwa machache yalikuwa yakizunguka ndani yake bila pa kwenda, yakiipiga makofi.

Dawa ilikuwa moja: kulinyoa gurudumu la ndani, lile linalosukuma maji, liwe dogo. Lakini chuma kikishakatwa hakioti. Ukinyoa kidogo mno, mtetemo unabaki. Ukinyoa kupita kiasi, jioni pampu haifikishi maji yanayotakiwa, na gurudumu unalitupa. Hatukuwa na la pili, na mteja alikuwa anarudi baada ya wiki mbili. Halafu mjomba Armand Vuillermoz, mkuu wetu wa usanifu, alikuwa anastaafu mwezi huohuo. Si mjomba wangu wa damu. Alinipokea hapa Grenoble, Ufaransa, nikiwa sijui hata kushika rula, na hakuna mtu kazini niliyempenda kama yeye. Sikutaka pampu yake ya mwisho iwe chuma chakavu.

Tulifikaje huko? Kwa woga wetu wenyewe. Nyongeza ya usalama imo mkatabani, imeandikwa, inatosha. Lakini kila hesabu ilipopita mkononi mwa mtu, mtu huyo aliitilia kidogo cha kujihami, kimyakimya, asije akalaumiwa yeye. Haba na haba hujaza kibaba, na chetu kilikuwa kimefurika. Ili nijue pa kukata, ilinibidi nijue nani alitia kiasi gani.

Ofisini kwetu kuna desturi: aliyekosea huleta kruasani, vile vimikate vya siagi, kesho yake asubuhi, na akishaleta hakuna kumsema tena. Nikasimama katikati ya chumba.

"Kila aliyetia nyongeza bila kusema, kesho kruasani. Sitauliza kwa nini. Nitauliza kiasi tu."

Asubuhi Ghislain wa mabomba akaingia amekumbatia mfuko mkubwa kweli.

"Umefungua duka?" nikamuuliza.

"Nyamaza wewe Blandine. Nilitia mara mbili."

Akafuata Rozenn wa mota, ameshika kimfuko. "Mimi nilitia kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani, dada?"

"Asilimia tano."

"Hiyo kidogo yako ndiyo iliyomwaga kahawa yangu!"

Tukacheka, tukala, makombo ya siagi yakajaa kwenye michoro. Mjomba Armand alikula mbili. Hakuleta hata moja.

Nikajumlisha. Hata nilipoweka na kile nilichokijua mimi peke yangu, hesabu haikufika. Kulikuwa na pengo, na namba zote kabla ya kunifikia mimi hupitia kwa mjomba.

Nilimkuta kwenye ukumbi wa majaribio, kiganja amekiweka juu ya pampu iliyopoa.

"Mjomba, hesabu haifiki."

"Labda umejumlisha vibaya."

"Usinitanie. Nimejumlisha mara tatu."

Akaondoa mkono. "Basi ni mimi."

Nikapandwa na hasira. "Wewe? Si wewe uliyenifundisha kwamba mwoga asichore pampu?"

"Ni pampu yako ya kwanza kuichora peke yako, binti. Nikasema, mimi naondoka, ikipungukiwa nani atakukinga?"

"Kwa hiyo hukuniamini."

"Kukuamini nilikuamini. Moyo ndio haukutulia."

Hasira ikaniishia palepale, maana hata mimi nilikuwa na langu.

"Na mimi nilitia," nikasema.

"Wewe!"

"Ni pampu yako ya mwisho. Sikutaka waseme ya mzee Vuillermoz ilipungukiwa."

Akacheka mpaka akatafuta sanduku la kukalia. "Wajinga wawili! Mimi nakuwekea wewe, wewe unaniwekea mimi, na pampu inatetemeka kama mlevi."

"Taja kiasi, mjomba."

Akataja. Safari hii hesabu ikafika. Nikaandika milimita za kunyoa, nikampelekea asaini, kwa kuwa bila saini ya mkuu mkerezaji hagusi chuma. Mjomba hajawahi kusaini hesabu ya mtu bila kuirudia mwenyewe kwa penseli, hata ya mkurugenzi. Nikamsogezea penseli. Akachukua kalamu, akasaini.

"Hukuirudia!"

"Umeshaipiga hesabu wewe."

"Na nikiwa nimekosea?"

"Tutaaibika wote. Haya, mpelekee mkerezaji kabla sijabadili nia."

Nilishuka ngazi mbilimbili, karatasi nimeikumbatia.

Mteja alirudi na watu wake. Tukaanza na theluthi: pampu ikatulia, maji ya kwenye bilauri iliyokuwa mezani hayakucheza hata kidogo. Hapo sikufurahi bado, maana kunyoa kupita kiasi kungeonekana kwenye kazi nzito. Tukapandisha. Mshale wa presha ukaenda, ukaenda, ukapunguza mwendo karibu na mstari mwekundu wa kiwango cha mkataba. Nilitamani niusukume kwa kidole. Ukagusa mstari, ukakaa.

Nikageuka nimwambie mjomba. Alikuwa ameupa mshale mgongo tangu mwanzo, ananitazama mimi usoni.

"Umefika?" akauliza.

"Umefika."

"Kuna cha ziada?"

"Hakuna, mjomba. Hata chembe."

"Afadhali," akasema, akalia mbele ya wageni wote bila haya.