Duara la Chini

Mwaka wa tano huu Melania alikuwa akihamishia picha kwenye mbao, barazani kwake Rusimbi. Watu walimletea picha za harusi, za marehemu, za watoto waliobatizwa. Huzichapa kwa wino wa unga, akapaka gundi nyeupe kwenye ubao uliopigwa msasa, akalaza karatasi kifudifudi. Ikikauka huilowesha na kuisugua kwa kidole gumba mpaka karatasi itoke yote, picha ibaki imeng'ang'ania mti. Na kila picha huigeuza kwanza kwenye kompyuta, kwa kuwa kinacholazwa kifudifudi hutokea kinyume.

Ndiyo maana alishangaa Nikodemu aliposema, "Yangu usiigeuze, dada."

Nikodemu alikuwa dalali wa viwanja, mtu wa shati safi na maneno laini. Alimtumia picha ya barua kwa simu, akamwachia kibao cha mninga kisichozidi kiganja. "Nataka lile duara la chini tu. Nitapitia saa tisa."

Wateja walikuwa wengi asubuhi ile. Melania alilikata duara bila kulisoma, akalichapa, akalilaza, akaendelea na kazi nyingine.

Saa nane alipoanza kusugua, herufi zilijitokeza moja moja, zote zimegeuka. Alizisoma kutoka kulia. MWENYEKITI. SERIKALI YA MTAA. Kidole kikasimama. Ni kitu gani huandikwa kinyume? Jibu lilimjia kabla hajamaliza kujiuliza: muhuri. Kilichobaki ni mchongaji tu.

Alifungua simu, sasa akaisoma barua yote. Ilimtambulisha Bibi Stephania, mjane wa nyumba ya tatu kutoka kwake, kuwa mwenye kiwanja kule Kasingirima. Melania aliichapa nzima, akaikunja, akatoka mbio na kandambili mkononi.

Bibi Stephania alikuwa akianika dagaa. Aliitazama karatasi, akajishika kifua. "Yule kijana dalali aliomba kuipiga picha, eti anifuatilie hati. Mimi siuzi, mwanangu! Mume wangu alitoka Kongo na nguo moja, akanunua pale kwa jasho."

"Basi mpelekee mwenyekiti karatasi hii, Bibi. Sasa hivi. Mwambie Nikodemu anataka kuchonga muhuri kama wake, auze kiwanja chako."

Aliporudi, pikipiki ilikuwa imesimama mbele ya baraza. Nikodemu alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Melania, kibao mkononi.

"Umetoka wapi?"

"Kununua gundi."

"Iko wapi?"

"Imekwisha dukani." Sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine.

Nikodemu akamnyooshea kibao. "Malizia. Nakungoja."

Melania alikaa chini, akalowesha kitambaa. Dalali aliinama karibu mno, hata Melania akasikia harufu ya tumbaku yake. Akasugua taratibu, kisha, akijifanya anatoa karatasi iliyobaki, akakandamiza kwa ukucha. Herufi zikaviringika kama uchafu wa mwili, zikadondoka.

"Imebanduka, kaka. Haikushika."

Nikodemu alimpokonya kibao, akakigeuza mwangani.

"Lete simu," Nikodemu alisema. Akaifuta ile picha, akapekua kompyuta, akafuta na huko. Hakujua kuna karatasi iliyokwisha kuondoka. Akakitia kibao mfukoni. "Nyumba yako naijua, dada," alisema polepole, akawasha pikipiki.

Mwenyekiti aliipeleka karatasi ile polisi siku ileile, na kesho yake akatangaza mtaani kwamba hakuna mauziano yatakayopita bila yeye kumwona muuzaji kwa macho. Kiwanja kikasalimika. Nikodemu hakukamatwa. Wapo waliosema amevuka ziwa, wapo waliosema yuko Kasulu.

Melania alihamishia kazi chumba cha ndani, ambako gundi huchelewa kukauka. Kila pikipiki ikipunguza mwendo nje, mkono wake ulikuwa ukisimama juu ya ubao.

Siku ya nne, jua linazama, Bibi Stephania alikuja kumjulia hali.

"Unalala, mwanangu?"

Melania alitaka kusema ndiyo, akashindwa. Machozi yalimtoka. "Silali, Bibi. Naogopa."

Bibi alirudi kwake, na baada ya kitambo akaja tena na mkeka wake kwapani, akautandika nyuma ya mlango.