Robota Lililotoka Usoke

Wakati wa vita vya Hitler, Modest alikuwa karani wa forodha kwenye ghala la stesheni ya Tabora. Kazi yake ilikuwa kuyapanga kwa madaraja mazao yanayokwenda nje: nta, ngozi, karanga, na mwaka ule sufu pia, maana jeshi lilitaka mablanketi. Nta aliijua tangu utotoni. Sufu alikuwa ameiona kwenye koti la padri tu.

Baba mkwe wake, Mzee Alois wa Usoke, alifuga kondoo chotara aliowanunua kwa mlowezi mmoja aliyefunga shamba lake akaondoka. Hawakuwa kondoo wetu wa nywele fupi. Manyoya yao yalikuwa mazito, yananata mkononi kwa mafuta. Mzee na binti zake waliwakata, wakaanza kuifua sufu mtoni. Kabla hawajamaliza, Mzee Alois alipanda treni akaja Tabora, kwenye chumba cha Modest kule Gongoni, kuuliza.

"Mwanangu, wewe ndiye unayeijua kazi hii," alisema. "Sufu nyingine tumeifua, nyingine bado ina mafuta yake. Tukizifunga pamoja kuna ubaya?"

Modest hakujua. Lakini mkewe, Apolinaria, alikuwa anamimina chai, na alikuwa akimtazama mumewe kwa fahari. Kusema "sijui" mbele yao wawili kulimshinda.

"Hakuna ubaya, baba," akajibu. "Sufu ni sufu. Funga tu."

Mzee akafurahi, akanywa chai yake, akarudi kwake.

Mvua zilipokatika, marobota ya Usoke yakashushwa Tabora, na Mzee Alois akaja nayo, amevaa koti lake la kanisani. Akasimama mlangoni mwa ghala, kofia mkononi. Modest alimwona, akampungia kwa siri. Siku zile mkaguzi Mzungu alikuwa mkali. Karani aliyemtangulia Modest alifukuzwa kwa kupitisha ngozi za shemeji yake, na mkaguzi alikuwa ameapa kwamba mwingine atakayeleta mambo ya ndugu ghalani atafukuzwa vilevile.

Mfaume, mfunguaji wa mizigo, akaikata kamba ya robota la kwanza. Mkaguzi akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akatoa sufu nyeupe, safi. Akatumbukiza tena, akatoa donge la njano lenye mchanga na harufu ya zizi. Uso wake ukawa mwekundu.

"Safi juu, chafu ndani," alisema kwa Kiswahili chake kigumu. "Sufu yenye mafuta ni daraja lake, sufu iliyooshwa ni daraja lake, na kila moja ina ushuru wake. Huyu anataka kuiuza chafu kwa jina la safi. Ni mwizi. Nani alimwambia afunge hivi?"

Mzee Alois hakumtazama Modest. Alilitazama robota.

"Sijui, bwana," Modest akasema.

"Unamjua mzee huyu?"

Modest akageuza uso, macho yake yakakutana na ya baba mkwe wake.

"Simjui, bwana."

Mfaume, aliyekula pilau kwenye harusi ya Modest, akainua kichwa, kisha akainama tena kukusanya vipande vya kamba.

"Ni mimi, bwana," Mzee Alois akasema taratibu. "Nilifikiri mwenyewe tu. Sikuuliza mtu."

Mkaguzi akaamuru marobota yote yafunguliwe palepale, na mzee aichambue sufu yake chini, safi huku, chafu kule, karani amsimamie. Mzee akavua koti, akapiga magoti kwenye sakafu. Wachukuzi walipita wakimtazama. Modest akasimama juu yake na penseli yake sikioni. Kila mara mzee aliinua fungu na kuuliza kwa adabu, "Bwana karani, na hii iende wapi?" Na Modest akaonyesha kwa kidole. Alitamani mzee amtukane.

Jioni alipofika nyumbani alikuta Apolinaria amepika kuku.

"Baba yuko wapi?"

"Yuko stesheni. Anawahi treni."

"Bila kula? Bila kuniona mimi?" Apolinaria aliweka mwiko chini. "Modest, umemfanya nini baba?"

Akamweleza. Hakupunguza kitu. Alipofika kwenye "simjui", Apolinaria alikifunika chungu, akakifunga kwa kitambaa, akajitwika, akatoka. Modest akamfuata kwa mbali hadi kwenye uzio wa stesheni. Kutoka pale alimwona mkewe akimnawisha baba yake mikono, na mzee akila polepole kwenye benchi. Hakuvuka uzio.

Asubuhi alikwenda kwa mkaguzi kabla ghala halijafunguliwa.

"Bwana, yule mzee ni baba mkwe wangu. Mimi ndiye niliyemwambia achanganye. Hakuiba. Mimi sikujua, nikaona haya kusema sijui."

Mkaguzi akasema kwamba mzee apelekewe habari kuwa sufu yake imepokelewa kwa madaraja mawili na jina lake halina doa, na kwamba Modest aende kwenye mzani wa mizigo ya abiria, asiguse tena mazao ya nje. Modest akashukuru. Adhabu ile ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka.

Jumapili alishuka Usoke. Akamkuta Mzee Alois uani, na majirani wametoka kanisani wamekaa. Modest akapiga magoti mbele yao wote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akasema yote, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Mzee akamwacha amalize.

"Kukosea juu ya sufu si neno," akasema mwishowe. "Hata mimi sikujua, ndiyo maana nikaja kuuliza. Na kazi yako niliiogopea mimi mwenyewe, ndiyo maana nikajitwisha lile kosa. Lakini ulinitazama usoni, Modest. Ungesema hunijui huku umeangalia chini, ningesema ni woga tu."

Modest akabaki amepiga magoti.

"Inuka," mzee akasema. "Chakula kipo."

Shemeji yake mdogo akaleta maji, akamnawisha. Modest akala pamoja na wengine, kwenye sinia moja na baba mkwe wake. Mzee alizungumza na majirani habari za malisho. Hakumnunia, alimsogezea hata kipande cha nyama. Modest alikipokea kwa mikono miwili, na hadi treni ya kurudi ilipofika hakuweza kuinua macho.