Gari Hili si Chuma Chakavu

Mshonaji akishaamua jambo, kumgeuza ni sawa na kumfundisha paka kuogelea. Asubuhi hiyo alikuwa ameamua kwamba gari halitoki uani kwenda kwa wanunuzi wa vyuma.

Lilikuwa gari kuukuu la otomatiki, na ndilo lililobeba sare za shule alizoshona hadi kwa wateja. Siku hizi likifika mlimani injini inanguruma, magurudumu hayana habari. Fundi wa gereji alisema giaboksi imekufa. Mumewe, aliyekuwa safarini, akamwagiza mdogo wake aje jioni alivute akaliuze.

"Na likipanda mlima kabla hajafika?" mshonaji alimuuliza mumewe kwenye simu.

"Likipanda ni lako, usinisumbue tena."

Basi akaliinua kwa jeki, akaliweka juu ya stendi za chuma, akalitikisa kuona kama limekaa imara, ndipo akaingia chini.

Wifi yake, dada wa huyo mume, alikuwa kwenye ngazi ya jikoni akimenya vitunguu. "Wifi, naona miguu tu. Nije na msaada au na sanda?"

"Njoo na ndoo mbovu, na mdomo uuache huko huko."

Akalegeza boliti za sampu, lile bakuli la chini ya giaboksi, upande mmoja kwanza, ili oili imwagike kwa adabu. Haikuwa na adabu. Ilitoka nyeusi, inanuka kuungua, ikamwingia hadi kwenye mkono wa gauni. Alikuta sumaku ya ndani imevaa tope la kijivu, akaifuta mpaka ikang'aa. Filta ya zamani, iliyoziba kwa uchafu, akaichomoa, mpya aliyoinunua akaisukuma mahali pake. Ilikuwa ngumu kidogo. Akaona ugumu wa kitu kipya ni kawaida. Akafunga, akapima kiasi kilichotoka, akamimina oili mpya, nyekundu kama sharubati.

Akawasha, gari likiwa bado juu, akapitisha gia moja moja. Magurudumu yalizunguka kwa kusitasita, na huko chini kukatoka mlio kama wa mtu anayekunywa uji kwa pupa. Akachomoa kijiti cha kupimia. Oili ilikuwa na povu.

"Umepika sabuni," wifi alisema.

"Inavuta hewa." Mshonaji alizima, akakaa chini akitazama mikono yake. Hewa inaingia wapi? Gasketi ya sampu ilikuwa mpya, boliti zimekazwa. Akabaki na filta, na ule ugumu aliousamehe.

"Nipe beseni safi."

"Lile la nguo za kaka yangu?"

"Hilo hilo. Hii oili ni mpya, inarudi ndani. Halafu ulioshe, ukitaka, kwa machozi."

Alikuwa ameshafungua tena wakati shemeji, yule mdogo wa mumewe, alipoingia na kamba begani. Aliona beseni limejaa wekundu. "Shemeji, ndiyo umelimaliza kabisa! Tulivute tu."

"Kaa, shemeji. Kuna chai."

Akaingiza kidole kwenye tundu la filta. Vidole vyake vilizoea kutafuta mshono gizani, ndani ya mifuko, bila kuona. Vikagusa mpira mmoja wa kuzibia, mviringo kama pete, ukutani mwa tundu, mgumu, umeng'ang'ania chuma. Kumbe alipochomoa filta kuukuu, mpira wake ulibaki juu, naye akasukuma filta nyingine na mpira wake chini ya huo. Mipira miwili katika tundu la mmoja, haukukaa sawa hata mmoja, na hewa ikapata njia.

"Uzembe wangu huu," alisema kwa sauti. Akaubandua ule mpira polepole kwa kijiti cha mbao, asije akakwaruza chuma, mpaka ukadondoka kifuani mwake. Filta sasa iliingia laini, ikatulia. Akafunga sampu, akairudisha oili kupitia kitambaa safi. Akawasha: hakuna mlio, na kijitini hakuna povu. Akalishusha gari chini.

"Panda, wifi."

"Mimi? Nina vitunguu."

"Panda nao."

Mlimani gari lilisita kidogo tu, likashika gia, likapanda kwa sauti moja kama mtu aliyeshiba. Wifi alikumbatia bakuli lake la vitunguu lisimwagike. Shemeji alifuata kwa miguu, akafika juu akihema.

Mshonaji akashusha kioo.

"Shemeji, mpigie kaka yako umwambie ulichokiona. Mimi nimechelewa, kuna sare za watu."