Shemeji, Nisukume

Mimi nikikosewa sisahau, na yeyote anayenijua kule Mabira nilikoolewa atakuambia hivyo kabla hujamuuliza. Mume wangu husema Joyness ana kichwa cha moto. Basi na kiwe. Kingekuwa cha baridi, leo mama yangu Eustadia angekuwa Rugu kwa kaka zake, analala chumba kimoja na magunia ya maharage, na nyumba aliyojengewa na baba ingekuwa ya Gaudiosus.

Huyo Gaudiosus ni baba yangu mdogo. Amezaliwa tumbo moja na baba, ingawa ukiwaangalia usingedhani. Maisha yake yote alikuwa karani kwenye ofisi moja huko Mwanza, na kwetu Ndama tulimwona kwenye misiba tu, akija na viatu vinavyong'aa na kuondoka kabla havijapata vumbi. Baba yangu, mzee Rweyemamu, alipofariki, Gaudiosus ndiyo kwanza alikuwa amestaafu. Safari hii hakuondoka. Baba alizaa mabinti watupu, sote tumeolewa, na kwa akili za ukoo wetu kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, hakiwezi kukaa bila mwanamume. Udongo wa kaburi haujakauka, wazee walikwisha kunong'onezana kwamba omusika, yaani mrithi anayekalishwa kwenye kiti cha marehemu siku ya kumaliza matanga, atakuwa yeye.

Mwanzoni sikupinga. Wapo warithi wema wanaomwacha mjane aishi kwa amani kwenye migomba yake mpaka Mungu amwite. Lakini huyu alihamia na lori.

Lori lilishusha meza ya ofisi, zulia nene la manyoya ambalo ukilikanyaga mguu unazama, na kiti cha ofisi, kile cheusi cha magurudumu chenye mgongo mrefu, kinachozunguka. Ili meza ipate nafasi, kabati la baba la mninga liling'olewa milango na kutupwa nyuma ya jiko. Kigoda cha baba, ambacho babu naye alikikalia, kikarushwa uani, kuku wakakinyea. Mama alikiokota, akakiosha, akakificha chini ya kitanda chake. Sebule aliyozoea kuitandika nyasi mpya wageni wakija ikafunikwa zulia ukuta kwa ukuta, na sote tukaamriwa kuvua viatu mlangoni. Nyumbani kwa baba yangu, jamani, navuliwa viatu na mgeni.

Sasa kiti cha magurudumu kinataka sakafu. Huko ofisini kwao, kwenye vigae, nadhani kilikuwa kinateleza vizuri. Kwenye zulia lile magurudumu yalizama yakagoma. Baba mdogo anasukuma kwa visigino, anakunja uso, anapumua, kiti kimetulia kama baiskeli kwenye tope. Mtu mwenye akili angeinuka akatembea. Au angelikunja zulia, mambo yakaisha. Yeye zulia hakutaka liguswe, na kuinuka aliona ni kujishusha, maana mwenye nyumba mtarajiwa hasumbuki.

Niliona kwa macho yangu jinsi alivyolitatua jambo hilo. Nilikuwa nimekuja na bodaboda kumletea mama sabuni na senene kidogo. Tulikuwa jikoni, anamenya ndizi, ananiuliza habari za wajukuu. Sauti ikatoka sebuleni.

"Shemeji, nisukume."

Mama akaweka kisu chini, akafuta mikono, akaenda. Nikamfuata. Kichwa chake bado kilikuwa kimenyolewa kwa ajili ya msiba. Akainama nyuma ya kile kiti, akaweka viganja kwenye mgongo wake, akasukuma kwa nguvu zote za mtu aliyelima kahawa tangu usichana wake, na kiti kikasogea kidogo, kikakwama, kikasogea tena, kutoka dirishani mpaka mezani. Gaudiosus alikuwa ameinua miguu juu, anaangalia simu. Hakugeuka hata mara moja. Walipofika mezani akasema maji ya kunawa yaletwe.

Tuliporudi jikoni nilimwambia mama twende baraza la kata, siku hizi mjane ana haki zake, nitamsimamia mwenyewe. Akakataa. Alisema hatakuwa yeye wa kumburuta ndugu ya mumewe mbele za watu huku mumewe amelala pale kwenye migomba anasikia. Akaendelea kumenya.

"Aliye juu mngoje chini, mwanangu," akasema.

Nilikasirika naye pia. Nilidhani ameshakata tamaa, na methali ndiyo blanketi la aliyekata tamaa.

Siku hiyohiyo, akila ndizi za mama na maharage ya mama, baba mdogo alitangaza mipango yake. Akishakalishwa, shemeji atakwenda kupumzika Rugu kwa kaka zake, maana umri umekwenda. Chumba chake cha kulala kina mwanga mzuri, kitafaa kuwa ofisi. Ofisi ya nini, mtu aliyestaafu? Mpaka leo sijui. Mama alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka, amesikia kila neno, akamwongezea mchuzi.

Mimi sikula. Nilikuwa namtazama Gaudiosus anavyokaa. Aliinuka kwenda kujisaidia, hilo angalau hakutaka kusukumwa, na aliporudi hakukishika kiti wala hakukiangalia. Aligeuza mgongo, akainua mikono yote miwili, akajibwaga kama gunia la kahawa linaloshushwa begani. Zulia lilikishikilia kiti, hakikusogea hata kidogo. Jioni akafanya vilevile. Kiti kilikuwa kimemzoeza vibaya. Nikanyamaza, na mimi nikinyamaza ujue kuna jambo.

Siku ya kumaliza matanga ilipokaribia, pakazuka ubishi. Desturi yetu ni kwamba omusika hukalishwa kwenye kigoda cha marehemu, juu ya nyasi mpya. Gaudiosus akasema magoti yake hayawezi kukunjika mpaka kwenye kigoda, na kwamba mtu wa hadhi yake atakalishwa kwenye kiti chake mwenyewe. Wazee wakaguna, lakini alikuwa ameagiza rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya kutosha ukoo mzima na jirani zake, kwa hiyo mguno ukaisha. Akasema tena nyasi hazina haja, zulia linatosha; hapo mzee Benjamin, mkubwa wa ukoo, akakataa katakata. Alisema hajawahi kuona mtu wa nyumba yao akikalishwa juu ya manyoya ya Mwanza, na hatakufa ameona. Gaudiosus akakubali, kwa sharti moja: nyasi zitandikwe juu ya zulia, zulia lisiondolewe.

Na kazi ya kutandika nyasi ni ya nani? Ya mabinti wa nyumba. Nilisema nitazitandika mimi, wala asisumbuke mtu.

Asubuhi ya siku yenyewe Gaudiosus alikuwa nje na suti yake, anapigwa picha akiwa ameegemea mti wa kahawa wa baba. Nikaenda nyuma ya jiko, nikauchukua mlango mmoja wa kabati la mninga. Baba alilisugua kabati lile kwa nta kila mwaka Krismasi ikikaribia, mpaka ukawa unajiona uso. Nikauingiza sebuleni nimeukumbatia kama mtoto, nikaulaza juu ya zulia, nikakipandisha kiti juu yake. Nikakigusa kwa kidole kimoja. Kikaenda. Kilikwenda kirahisi kuliko nilivyotegemea, nikashangaa kidogo, lakini sikuwa na muda wa kushangaa. Nikatandika nyasi sebule nzima, nene za kupendeza, na chini ya kiti nikatawanya chache tu, za kuficha ubao.

Mama akaja akasimama mlangoni. Akaangalia nyasi, akaangalia kiti, akaniangalia mimi. Akasema nimetandika vizuri, kisha akarudi kwenye masufuria yake.

Watu wakajaa mpaka madirishani. Mwinjilisti wetu wa Kilutheri akaomba, sala ndefu yenye maneno mengi juu ya wajane, na Gaudiosus akaitikia amina kwa sauti kuliko wote. Mzee Benjamin akampa kahawa ya kutafuna, kama inavyotakiwa, akamshika mkono, akamleta mpaka mbele ya kiti, akamgeuza awatazame watu.

"Kaa alipokaa ndugu yako," akasema.

Gaudiosus akatabasamu. Akainua mikono yote miwili. Akajibwaga.

Kiti hakikuwepo. Kilikuwa kimekwenda zake, kimegonga ukuta wa nyuma, na baba mdogo alishuka moja kwa moja mpaka chini, wala si kwenye manyoya, kwenye mninga. Mlio wake niliusikia kwenye meno. Kahawa ikamtoka mdomoni ikaruka mpaka kwenye magoti ya mwinjilisti. Mtu mmoja dirishani akashindwa kujizuia, akacheka, na kicheko kikazunguka nyumba nzima. Nilijiziba mdomo kwa kanga. Waliokuwa mbali walidhani nalia.

Akiwa bado chini, alipapasa nyasi, akauona ubao. Akainua kichwa, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Shikamoo, baba mdogo," nikamwambia.

Akaanza kupiga kelele kwamba kuna ubao, amewekewa ubao, watu waje waone. Mzee Benjamin akainama taratibu, akaziondoa nyasi kwa fimbo yake, akautazama ule mlango kwa muda. Alimjua vizuri baba yangu aliyeusugua. Akauliza, huu si mlango wa kabati la Rweyemamu? Umetokaje kwenye kabati lake? Watu wakamgeukia Gaudiosus, na Gaudiosus, aliyekuwa na maneno ya kila kitu, akaanza kujipukuta nyasi kwenye suti.

Mzee akaagiza kigoda cha marehemu kiletwe. Mama alikuwa nacho tayari, ameshakitoa chini ya kitanda, kisafi, amekipaka mafuta. Akakiweka juu ya nyasi kwa heshima zote, akarudi nyuma. Vijana wawili wakamshika baba mdogo kwapani, wakamshusha. Makalio yalipogusa tu ule mti mgumu, akaruka juu na mlio wa mbuzi. Kifandugu kilikuwa kimeumia. Wakamshusha tena, jasho linamtoka, akaruka tena. Mzee Benjamin alisubiri bila haraka, anatafuna kahawa yake.

"Gaudiosus," akasema mwishowe, "kiti chako kimekukimbia, na cha ndugu yako kimekukataa. Mimi sina kiti cha tatu."

Matanga yakamalizwa hivyohivyo, bila mrithi. Mzee akatamka mbele ya wote kwamba nyumba na kibanja vitabaki mikononi mwa mjane mpaka ukoo ukae tena kulijadili jambo hilo. Ukoo haujakaa. Ukiwauliza wazee wanasema bado wanatafuta nafasi, kisha wanaangaliana na kuanza kucheka.

Baba mdogo alipelekwa hospitali kwa bodaboda, amekalia upande mmoja, na barabara ya kwetu mnaijua. Nilisimama njiani nikimsindikiza kwa macho, na kila shimo lilinifurahisha. Mtu akiniambia nimeokoka niwe na huruma, namwambia huruma yangu niliitoa yote siku mama aliposukuma. Kutoka hospitali alikwenda Mwanza kwa mkewe. Akatuma gari lichukue meza, na akapiga simu kwamba zulia likunjwe vizuri lipelekwe pia. Mama alimjibu kwa adabu kwamba zulia shemeji amechelewa, mbuzi wameshalizoea. Kiti hakukitaja, nadhani hata kukifikiria kulimuuma.

Nilirudi kumwona mama baada ya hapo. Sebule ilikuwa imefagiliwa, saruji tupu inang'aa. Kabati limerudishiwa milango yake. Kigoda cha baba kiko mahali pake karibu na dirisha, na kile kiti cheusi kimesimama katikati ya chumba. Nilimwambia mama nikiuze sokoni Kayanga, au nikichome moto, nilipenda zaidi kukichoma. Alikwenda akakikalia, polepole, ameshikilia kwanza kwa mikono miwili, kama anavyokaa mtu mwenye akili.

Nikainama nikitoe vumbi magurudumuni, maana sikujua nifanye nini kingine. Vidole vikateleza. Nikanusa. Ilikuwa samli, ile anayoitengeneza mwenyewe kwenye kibuyu, imepakwa kwenye kila gurudumu, imeganda na vipande vya nyasi za siku ile.

Nikainua macho. Mama alikuwa ameweka mikono kwenye vishikio, ameinua miguu yote miwili juu, anaangalia mbele.

"Nisukume," akasema.