Nyundo ya Karugendo

Mwaka 2023, katikati ya kiangazi, rweya, mbuga ya nyasi tupu, ilikuwa imekwisha kuimeza karibu nchi yote iliyo kati ya Bukoba na Muleba. Nyasi kavu, zisizomshibisha hata mbuzi, zilisonga mbele kila siku zikifunika migomba, mibuni na makaburi. Kitu kimoja tu kiliweza kuzizuia: vyuma vya wahunzi wa kale. Chuma hicho kilipogongwa, ardhi ilipata uhai hadi pale mlio wake ulipokomea. Ndiyo maana Byabato, mtawala wa bandari ya Bukoba, na Edvina, mtawala wa vilima vya Muleba, walikuwa wakinyang'anyana vyuma hivyo kwa mikuki.

Chuma kikubwa kuliko vyote kilikuwa nyundo iliyokuwa Izigo, kwa mhunzi Karugendo, aliyewakatalia watawala wote wawili. Byabato alimtuma Rutaihwa wa Hamugembe, hapo hapo Bukoba, akaichukue kwa hila.

Rutaihwa alivuka rweya akajifanya msafiri aliyepotea. Karugendo alimpokea vizuri, hata wakazoeana. Ili asishukiwe, Rutaihwa akaomba wale omukago, kiapo cha undugu wa damu. Wakapasua tunda moja la kahawa, kila mmoja akapaka punje damu yake, mwenziwe akaimeza. Tangu hapo wakawa ndugu. Karugendo alipokwenda kumzika jirani, Rutaihwa akaitia nyundo guniani akaondoka.

Hamugembe ikachipua. Rutaihwa akapewa heshima ya kuigonga nyundo kila asubuhi uwanjani kwa Byabato.

"Mwenyewe alikupa?" aliuliza mama yake, Evodia, akimenya ndizi za kwanza.

"Alinipa, Mama."

"Basi huyo ni mtu. Mimi nisingekupa hata wewe niliyekuzaa."

Siku hiyo Rutaihwa alisingizia tumbo, hakula.

Asubuhi moja alipofungua mlango, aliwakuta Karugendo na mkewe, Annastella, wameketi kibarazani, vumbi limewajaa hadi kwenye kope.

"Rweya imeingia mpaka chumbani," alisema Karugendo. "Watu wa Edvina waliniibia nyundo. Nikasema, nina ndugu Hamugembe, hatatufukuza."

"Nami nikamwuliza, ndugu gani anayeondoka bila kuaga?" alidakia Annastella. "Akanijibu kwamba huenda ulimwogopa mbwa wetu!"

Kabla Rutaihwa hajawakaribisha ndani, Evodia akatokea nyuma yake na sahani ya ndizi.

"Karibuni, waitu! Nimesikia neno 'ndugu' tu; kumbe ni wewe uliyempa mwanangu ile nyundo? Mungu akuzidishie!"

Hakuna aliyeipokea sahani. Karugendo alimtazama Rutaihwa, wala hakupandisha sauti.

"Ungeniomba," alisema. "Ndugu wa omukago hanyimwi kitu. Ningekupa, nasi tungekufuata tukaishi huku pamoja. Umeiba kitu ambacho nisingeweza kukukatalia."

Rutaihwa alitamani apigwe. Desturi hiyo aliijua tangu utoto. Lakini kiapo alikuwa amekila kama mtego, na wala hakukumbuka kwamba ni kiapo. Mama yake aliitua sahani chini taratibu, akaingia ndani bila kumtazama.

"Nifuateni," alisema Rutaihwa.

Uwanjani watu walikuwa wakisubiri. Aliiinua nyundo kutoka juu ya jiwe, lakini hakuigonga.

"Gonga, wewe! Jua linapanda!" alifoka Byabato.

"Si yangu, Bwana, wala si yako. Nilimwibia ndugu yangu wa omukago."

"Shujaa wetu, kumbe kibaka!" mtu alipaza sauti, na kicheko kikaenea uwanja mzima. Byabato akawaamuru walinzi wamkamate. Nao waliposikia omukago ukitajwa, wakatazamana, kisha wakashusha mikuki. Hakuna aliyetaka kuingilia kiapo cha damu.

Rutaihwa alipita katikati ya kicheko kile, masikio yakiwaka moto. Akapiga magoti mbele ya Karugendo, na bila kuthubutu kuinua macho, akamrudishia nyundo yake kwa mikono miwili.