Ng'washi na Udongo wa Kihenge

Mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kuja na malori yao kugombania pamba yetu, binti yangu Ng'washi alikuwa anachuma kidogo, anakaa chini. Akiinuka anahema kama aliyekimbiza ng'ombe. Alikuwa kwenye siku zake, na damu ilitoka nyingi mno, na mabonge makubwa. Vitambaa vya kwanza havijakauka kambani, vingine vimeshalowa.

Nilipolalamika, wifi yangu Eufrasia alicheka. "Hiyo damu ni ng'ombe wa mahari hao! Binti wa damu nyingi huzaa sana. Wewe panua zizi."

Jioni moja akamkuta Ng'washi anabandua udongo kwenye kihenge cha mtama, anatafuna. Yowe! "Wifi, njoo! Mwanao anakula udongo, ana mimba huyu!"

"Sina mimba, shangazi," Ng'washi akalia. "Unaninukia tu, kama mvua ya kwanza."

Nikaitazama kamba imejaa vitambaa. "Wifi, kama hana mimba, damu hii inammaliza. Na kama anayo, halafu inatoka hivi, si ndiyo mbaya zaidi? Lete baiskeli."

Akaileta. Nikamkalisha mwanangu nyuma, nikaikokota, Eufrasia akamshikilia mgongo mpaka Bariadi mjini.

Hospitalini nesi alimvuta kope la chini. Ndani kweupe. Wakampima: mimba hakuna. "Damu imempungukia," nesi akasema. "Ndiyo maana anatamani udongo." Wakamwongezea damu, wakampa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya kupunguza ile inayotoka.

Mama mwenzangu, nakuandikia kwa hofu ile ile. Binti akilowesha kitambaa kila saa, akitoa mabonge makubwa, siku zikipita wiki, au akiona kizunguzungu na kuhema, usingoje ziishe. Mpeleke. Akizimia, kimbia naye.

Siku hizi Eufrasia ndiye anayeleta maini kila gulio. "Kula, mama, kula."

"Na ng'ombe wako, shangazi?" Ng'washi anamtania.

"Wakae huko huko! Wewe kula."

Juzi nilimwona Ng'washi kasimama kwenye kihenge, nikamkimbilia. Akabandua kipande, akakinusa, akakitupa.

"Mama," akasema, "kumbe ni udongo tu."